Hodi Mlangoni pa Afrika Kusini



Mtoto wa Kiislamu wa mwambao wetu hufunzwa hodi kabla hajafunzwa alifu. Husimama ubavuni mwa mlango, si mbele yake, asije akayaona ya ndani. Hubisha mara tatu. Akijibiwa huingia kwa salamu, asipojibiwa hurudi zake bila ya kinyongo. Adabu hiyo tumeirithi kutoka Surat An-Nur na mwenendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Nchi za watu nazo ni nyumba za watu, na pasipoti, kadi ya chanjo na barua ya mzazi ndiyo hodi ya zama hizi. Juma hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, khasa akina mama, jinsi tulivyobisha hodi mlangoni pa Afrika Kusini, tukakosea mahali pamoja, na kosa letu likamwangukia mtoto.

Tuanze na lile lililo jepesi. Tangu tarehe 1 Januari 2023, raia wa Kenya mwenye pasipoti ya kawaida haombi viza kwa ziara ya Afrika Kusini isiyozidi siku 90 katika mwaka mmoja wa kalenda. Habari hiyo ilitangazwa Nairobi mwezi wa Novemba 2022, Rais Cyril Ramaphosa alipokuja kumzuru Rais William Ruto. Kabla ya hapo Mkenya alipeleka maombi, taarifa za benki na barua za mwenyeji, kisha akakaa kungoja, ilhali mtu wa Afrika Kusini aliingia kwetu kwa wepesi.

Wengi waliposikia kwamba viza imeondolewa walidhani mlango wenyewe umeng'olewa. Sivyo. Kilichoondoka ni kuomba ruhusa ukiwa nyumbani. Ruhusa sasa hutolewa ukifika, na anayeitoa ni afisa wa uhamiaji aliyeketi nyuma ya meza. Ana haki ya kukuuliza waenda wapi, utalala kwa nani, utarudi lini na utakula nini, na jibu lisipomtosha ana haki ya kukurudisha ulikotoka. Tena kabla ya kumfikia afisa huyo, shirika la ndege nalo hukagua, maana abiria akirudishwa ni wao watakaombeba.

Tulikuwa wanne: sisi na ahali yetu, dada yetu mkubwa, na mjukuu wake, mtoto wa kiume wa miaka tisa. Ilikuwa likizo ya Aprili. Binti wa dada yetu ameolewa Durban, na hakuwa amemwona mtoto huyu tangu siku ya mazishi ya kaka yake, ambaye ndiye babake mtoto. Mamake mtoto yuko Maskati kikazi. Mtoto analelewa na nyanya yake, malezi ya mapenzi ambayo mtaa mzima unayashuhudia.

Sisi ndio tuliokabidhiwa makaratasi, kwa kuwa ni watu wa kalamu. Tukayashughulikia kwa mwezi mzima. Kila mmoja awe na pasipoti yake, hata mtoto. Pasipoti ya kuingilia Afrika Kusini yatakiwa iwe hai kwa muda usiopungua siku 30 baada ya siku unayokusudia kuondoka kule, nayo iwe na nafasi ya mihuri. Nasi twashauri kurasa mbili tupu. Jina lililo katika tiketi lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi. Hili huwakwaza sana wanawake wetu, ambao mara huandikwa kwa jina la baba na mara kwa jina la mume. Tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Uwe na anwani ya utakapofikia, na barua ya mwenyeji ikiwa wafikia kwa jamaa. Uwe pia na ushahidi wa fedha za kujikimu.

Kisha kuna homa ya manjano. Kenya imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo msafiri atokaye kwetu, aliyetimiza mwaka mmoja na zaidi, hudaiwa kadi ya chanjo aingiapo Afrika Kusini. Chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Anayechoma leo akasafiri kesho amepoteza safari yake. Tangu Julai 2016, kadi hiyo ni ya umri mzima kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, basi ambaye alichanjwa zamani asiidharau kadi yake kuukuu, aitafute kabatini. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mzee aliyepita miaka 60, wamwone daktari kwanza, kwani chanjo hii yataka tahadhari kwao. Daktari akiona haiwafai, huwaandikia cheti cha kusamehewa. Dada yetu, aliyekwisha pita umri huo, alipimwa na kuruhusiwa.

Makaratasi yote tukayatia katika bahasha moja ya kaki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikiwa juu. Tukajisifu kimoyomoyo. Tukasahau jambo moja.

Jijini Nairobi, mezani pa shirika la ndege, tulipokewa na binti mwenye umri wa binti zetu. Akazifungua pasipoti kwa utaratibu, akamtazama mtoto, kisha akamtazama nyanya yake.

"Mama, mtoto huyu ni wako?"

"Ni mjukuu wangu. Babake ni mwanangu, Mungu amrehemu."

"Pole sana, mama. Na mamake yuko wapi?"

"Yuko Maskati, afanya kazi."

"Barua yake mnayo?"

Hapo tuliingia kati. Tukamweleza kwamba sisi ni babu wa mtoto. Tukamwonyesha cheti cha kuzaliwa. Tukafika, Mwenyezi Mungu atusamehe, hata kumtajia miaka tuliyofundisha madrasa na idadi ya ndoa tulizozifungisha. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Sheikh, mimi nakuamini. Lakini mtu anayemwiba mtoto pia huja na maneno kama haya. Mimi sina cha kuwatenganisha isipokuwa karatasi."

Hatukuwa na jawabu. Cheti tulichomwonyesha kilikuwa na majina mawili, la baba na la mama, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo. Cheti cha kifo cha baba tulikiacha nyumbani ndani ya Msahafu, na barua ya mama hatukuwahi kuifikiria.

Hapa yafaa tueleze asili ya masharti haya. Mwaka 2015 Afrika Kusini iliweka kanuni kali juu ya watoto wasafirio: kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na asiyefuatana nao wote awe na kiapo cha ridhaa cha yule asiyekuwapo. Nia ilikuwa kuzuia biashara haramu ya watoto. Watalii walilalamika, na wenye hoteli wakalalamika zaidi, hata masharti yakalegezwa mwaka 2019 kwa watoto wa kigeni walio na wazazi wao. Lakini mtoto anayesafiri bila ya mzazi yeyote bado anadaiwa nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, barua ya ridhaa ya mzazi, na barua ya yule atakayempokea pamoja na anwani yake. Mjukuu wetu alikuwa na watu watatu wa damu yake ubavuni mwake, na bado kwa sheria alikuwa ni mtoto asiye na mzazi safarini.

Shauri likakatwa pale pale. Sisi na ahali yetu tuliondoka, kwa kuwa tuliokuwa tukingojewa tulikuwa na ahadi za watu. Dada yetu na mtoto walibaki, wakachukuliwa na jamaa zetu wa Eastleigh. Tulipokuwa tukiagana, mtoto alimvuta nyanya yake ukingo wa buibui akamwuliza, "Nyanya, nimekosa nini?" Tumesikia mawaidha mengi katika umri wetu, na tumeyatoa mengi. Hakuna lililotuingia kama swali lile.

Safari ya Nairobi hadi Johannesburg ni kama saa nne. Hata anayekwenda Durban au Cape Town kwa kuunganisha ndege, mlango wake ni pale pale Johannesburg, katika uwanja wa OR Tambo. Hapo ndipo hupigwa muhuri, huchukua mizigo yake, hupita forodhani, kisha huikabidhi tena kwa ndege ya ndani. Asiye na muda wa kutosha kati ya ndege mbili huikosa ya pili. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Afisa aliyetuhudumia alituuliza maswali manne tu: twaenda wapi, kwa nani, siku ngapi, na tiketi ya kurudi iko wapi. Ahali yetu alikuwa amevaa nikabu. Aliomba kwa upole auonyeshe uso wake kwa afisa mwanamke, naye akaitwa. Upole hufungua ambapo ukali hufunga. Afisa alipokwisha akapiga muhuri na kuandika tarehe. Tarehe hiyo isomwe kabla ya kuondoka mezani, kwani ndiyo mpaka wako. Anayeipita, hata kwa kusahau, hutangazwa kuwa mtu asiyetakiwa: akizidisha chini ya siku 30 huzuiwa kurudi kwa miezi 12, na akipita siku 30 huzuiwa miaka 5.

Forodhani nako kuna adabu yake. Sisi watu wa pwani hatujui kwenda kwa jamaa mikono mitupu. Halwa iliyofungwa vizuri haina neno, lakini nyama, matunda mabichi, miche na asali haviingizwi bila ya kibali, na ukiwa na shaka juu ya kitu, kitaje mwenyewe kabla hakijatafutwa. Fedha taslimu za rand hazipaswi kuzidi 25,000 kwa mtu mmoja, na fedha za kigeni hutajwa.

Tulifika Durban jioni. Binti wa dada yetu alikuwa uwanjani na wanawe wawili, na yule mdogo ameshika karatasi aliyoichora mwenyewe, yenye jina la binamu yake kwa rangi tatu. Simu ilikwisha kumfikia, lakini mtoto alikataa kuiacha karatasi nyumbani.

Siku zile za kungoja tulizitumia kuutazama mji. Durban, kwa Muislamu, ni mji mwepesi. Waislamu wa Afrika Kusini hawafiki asilimia 2 ya watu wote, lakini wamejipanga, na nyama ya halali ina alama za taasisi zinazojulikana. Msikiti wa Juma wa barabara iliyokuwa ikiitwa Grey Street, ulioanza karne ya 19, una minara yenye kuba za dhahabu na maduka ubavuni mwake. Wengi wa Waislamu wa Durban ni wa asili ya Kihindi na hufuata madhehebu ya Hanafi, kwa hiyo Alasiri yao huadhiniwa baada ya yetu sisi Mashafii. Baadhi ya misikiti haina sehemu ya wanawake, basi mama aulize mapema. Qibla ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo.

Lakini lililotugusa zaidi lilikuwa Chatsworth, kitongoji cha Durban, ambako huishi jamii iitwayo Wazanzibari. Wazee wao wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliotekwa utumwani, majahazi yao yakakamatwa na manowari za Waingereza katika bahari yetu hii, wakaachwa huru na kupelekwa Durban kuanzia mwaka 1873. Walifika hawana karatasi hata moja. Hawakubisha hodi, maana hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Waislamu wa msikiti ule wa Grey Street waliwapatia ardhi huko Bluff, wakajenga na kuswali. Ikaja sheria ya ubaguzi ya mwaka 1950 iliyogawa makazi kwa rangi. Serikali haikujua iwaweke wapi watu weusi, Waislamu, waitwao kwa jina la kisiwa, ikawaandika katika karatasi zake kuwa ni Waasia wa aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliondolewa Bluff na kupelekwa Chatsworth.

Tulikaa barazani kwa mzee mmoja wa jamii hiyo, tukanywa chai. Akatuambia maneno machache ya Kiswahili aliyoyapata kwa bibi yake, akatuuliza kama tunayafahamu. Tuliyafahamu yote.

Nchi ile inajua karatasi inavyoweza kuwa dhuluma. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuweza kutembea mjini mwake bila ya kitabu cha pasi. Utawala ulipotaka kuwabebesha wanawake kitabu hicho, mnamo tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi majumba ya serikali mjini Pretoria. Mmoja wa viongozi wanne waliowatangulia alikuwa Rahima Moosa, mwanamke Muislamu. Leo hospitali ya akina mama na watoto mjini Johannesburg yaitwa kwa jina lake, na tarehe 9 Agosti ni siku ya mapumziko kwa taifa zima. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986.

Tuliyatafakari hayo tukiwa tungali na uchungu wa Nairobi. Je, karatasi tuliyodaiwa kwa mjukuu wetu ilikuwa ya jinsi moja na ile pasi? Moyo ulitaka kusema ndiyo. Insafu ikakataa. Pasi iliwekwa ili mwenye nguvu amdhibiti mnyonge. Barua ya ridhaa imewekwa ili mnyonge kuliko wote, mtoto, asichukuliwe na mwenye nguvu. Yule binti wa mezani alikuwa akiilinda amana ya mama aliye Maskati, nasi, tulioaminiwa na mama huyo, tuliisahau.

Mamake mtoto alipata nafasi kwa mwajiri wake siku ya tatu. Akaenda ubalozi wa Kenya ulioko Maskati, akaapa, akatia saini, akaambatanisha nakala ya pasipoti yake. Karatasi yenyewe ililetwa kwa mkono na mama mmoja wa Malindi aliyekuwa akirudi likizo, Mwenyezi Mungu amlipe. Cheti cha kifo kikatolewa ndani ya Msahafu, kikapandishwa Nairobi kwa basi la usiku. Siku ya tano nyanya na mjukuu wake wakavuka. Johannesburg waliulizwa barua ile ile, ikasomwa, muhuri ukapigwa.

Gharama ya kubadili tiketi mbili ilizila fedha tulizoziweka kwa safari ya Cape Town. Tulikuwa na hamu ya miaka mingi ya kuswali katika Msikiti wa Auwal, wa kwanza nchini humo, ulioanzishwa mwaka 1794 mtaani Bo-Kaap, na kumzuru kwa dua imamu wake, Tuan Guru, mwanachuoni wa Tidore aliyefungwa kisiwa cha Robben na Waholanzi na kuuandika Msahafu kwa hifadhi ya moyo wake. Haikuandikwa. Badala yake tulisimama uwanjani Durban, tukamwona mtoto wa miaka tisa akitoka mlangoni na begi lake mgongoni, na shangazi yake akapiga magoti sakafuni kumpokea, kwa kuwa ana uso wa marehemu kaka yake.

Ndugu zetu, na khasa akina mama, katika nyumba zetu za pwani wengi wanalea watoto wa wengine: wa binti aliye Ughaibuni, wa kaka aliyefariki, wa dada aliyeachika. Malezi hayo ni ibada. Lakini mbele ya mlango wa nchi ya watu hayaonekani isipokuwa yameandikwa. Mwenye kumlea mtoto asimame leo, si siku ya safari, ahakikishe cheti cha kuzaliwa kipo na kina majina ya wazazi wote wawili. Ndoa isajiliwe, na talaka isajiliwe. Aliyefiwa akate cheti cha kifo. Mzazi aliye mbali aandike ridhaa yake mbele ya wakili au ubalozi, ataje jina la mtoto, la anayesafiri naye, nchi, tarehe na simu yake. Hata mama anayesafiri na wanawe mwenyewe bila ya mume, twamshauri abebe barua ya mume. Ni bora uibebe isiulizwe kuliko iulizwe usiwe nayo.

Na kijana anayeambiwa na wakala kwamba aingie kama mtalii kisha atatafutiwa kazi, ajue kuwa siku 90 zile ni za matembezi. Kazi ina viza yake. Masomo nayo yana viza yake, hata kama ni ya dini katika vyuo vya Newcastle au Azaadville. Anayeingia kwa neno moja na kukaa kwa neno jingine amebisha hodi kwa uongo. Na kwa kuwa masharti ya nchi hubadilika, kila mmoja auulize ubalozi wa Afrika Kusini ulioko Nairobi kabla ya kununua tiketi. Kuuliza si ujinga.

Bahasha ile ya kaki tungali nayo. Dada yetu ameiandika jina la mjukuu wake kwa mkono wake, na huiweka mahali pamoja na Msahafu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, awakutanishe waliotengana, na atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.